Kitufe cha Kengele

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la milango miwili, na lilikaa chini kiasi kwamba kuku wetu walikuwa wanaliruka badala ya kulizunguka. Nililinunua miaka ile ya ruksa, ulinzi wa mpakani ulipolegea na kila mwenye baiskeli na gunia akajiita mfanyabiashara. Nilikuwa navusha mchele kwenda Karonga, ng'ambo ya mpaka, narudi na vitenge na sabuni, mambo yakaninyookea. Wenzangu waliponyookewa walinunua pikapu. Mimi nikanunua gari la spoti, la kubeba watu wawili na sifa.

Anayeijua Kyela atacheka hapo. Wilaya karibu yote ni tambarare ya mpunga, mvua ikishuka barabara inageuka jaruba, na gari langu lilikuwa na tumbo linalofagia chini. Mara ngapi nimesukumwa kutoka topeni na watu waliokuwa wanakwenda shamba, nikiwa na shati jeupe, huku mzee fulani juu ya baiskeli yake ananipita polepole na kunisalimu, "Ugonile!" kwa heshima zote, kana kwamba hajaona kitu. Sikujifunza. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na gari jekundu, na mtu wa namna hiyo hafundishiki.

Nasema haya ya kuchekesha kwanza kwa sababu yanayofuata hayachekeshi, na ni mimi niliyeyafanya.

Gari lilikuja na kasoro moja. Honi ya kwenye usukani ilishakufa, na aliyekuwa nalo kabla yangu akaihamishia kwenye kitufe kimoja cha dashibodi, pembeni ya redio, kitufe ambacho kiwandani kilikusudiwa taa za ukungu. Ukikibonyeza, honi inalia, na ilikuwa honi ya maana, inasikika mpaka ng'ambo ya mashamba.

Nyumbani kwetu honi ile haikuwa pambo. Sisi Wanyakyusa, hasa familia zilizoshika ya kale kama yetu, baba mkwe na mkaza mwana hawaonani. Mke wa mwanao hakutazami, hasemi nawe, wala sauti yake huisikii. Ukija kwao, anaingia ndani. Mkikutana njiani, anajitia migombani na kugeuza uso. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, msomaji wa Biblia, na mwiko huo aliushika vilevile. Hakuona vinagombana wapi. Wala haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na mwanamke aliyeijua alisifiwa kijiji kizima. Aliyeivunja naye alitajwa kijiji kizima.

Zamani ilikuwa rahisi kwa sababu baba mkwe alikuja kwa miguu. Alianza kukohoa tangu mbali, akagonga fimbo yake chini, na mkaza mwana akapata muda wa kujitenga. Gari lilivuruga utaratibu huo. Baba alikuwa anakaa Talatala, mimi Ipyana, na niliweza kumfikisha uani kwangu kabla mtu hajafunga kanga yake vizuri. Tena jirani yetu alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga kando ya barabara. Msimu wa mavuno ilinguruma kutwa, na mlio wa gari ulizama humo kabisa. Kwa hiyo mimi na mke wangu tulikubaliana. Nikiwa na baba, nikifika kwenye mchikichi wa pale kona, nitapiga honi tatu ndefu. Akisikia tatu, anaingia ndani.

Mpango huo ulikwenda vizuri mwaka mzima. Baba mwenyewe aliupenda. "Hiyo ndiyo kukohoa kwangu siku hizi," alikuwa anasema, na kucheka peke yake.

Kilichochakaa ni kitufe. Kwanza ilifutika picha ya taa, kwa kidole changu na vidole vya waliotangulia. Halafu kikaanza kuzama na kugoma kurudi, mpaka ukichokonoe kwa ukucha. Mwishowe kikawa kinataka kubembelezwa: ukibonyeza katikati hakilizi honi, ukibonyeza pembeni kwa juu kinaliza, kesho kimebadilisha nia.

Nikakipeleka kwa fundi wa umeme wa magari pale Bondeni, mtu mzima, mpole, aliyekuwa na kibanda kilichojaa waya kama matumbo ya mbuzi. Akakikagua, akasema swichi imekwisha, nimwachie gari hadi Jumatatu ya wiki inayofuata, kuna mtu anamletea swichi za namna hiyo kutoka Mbeya. Nikatoa mfukoni swichi niliyokuwa nimeinunua mwenyewe Karonga, sokoni: kitufe cha kengele ya mlangoni, cheupe, kizuri, kimechorwa kengele ndogo katikati.

Aliigeuzageuza. "Kaka, hii ni ya kengele ya nyumba. Honi inakula moto mwingi. Hii itaungua."

"Kubonyeza ni kubonyeza," nikamjibu. Ndiyo, nilisema hivyo, mbele ya mtu aliyefanya kazi hiyo tangu mimi natambaa. Nikaongeza kwamba fizikia nimeisoma.

"Haya, mwalimu," akasema, na kunirudishia kitufe changu.

Watu wawili waliokuwa wamekaa hapo kibandani wakacheka. Kicheko kile kilinichoma, nami nikaapa moyoni kwamba nitaiweka mwenyewe, na wataisikia ikilia mpaka hapo walipokaa.

Lazima nieleze kwa nini haraka ilikuwa kubwa. Mwiko ule hufunguliwa. Kila ukoo una namna yake. Kwetu, baba mkwe akisharidhika na mkaza mwana, huja na kitenge. Mkaza mwana anakaa ndani, shangazi anampelekea kitenge, naye kwa mara ya kwanza anatoa sauti kutoka nyuma ya ukuta na kumshukuru mzee. Kuanzia hapo anaweza kumsalimu kwa mbali. Anahesabiwa mtu wa nyumbani kabisa, na siku mzee akifa anaruhusiwa kusogea na kumlilia kwa jina la baba. Wake wa kaka zangu wawili walikuwa wamekwishafunguliwa. Wangu, mdogo wao, alikuwa kwenye mwaka wa tano akisubiri, na mtoto tumeshampata. Sasa baba alikuwa ameniambia kwamba Jumamosi ile, mpunga ukishaingia ndani, atakuja.

Nilipompa mke wangu habari hiyo alikuwa anamenya ndizi. Aliendelea kumenya, lakini alimenya zote zilizokuwemo kwenye kapu, mpaka zile za kesho.

Basi siku ya Jumatano nikafungua dashibodi. Nilikichomoa kichwa cha betri, kiasi hicho nilijua. Nikalegeza skrubu kwa bisibisi ya nyota, nikavuta lile pambo la plastiki, likatoka na kuvunjika sikio moja. Mke wangu alikaa kiti cha pembeni akiwa ameshika skrubu kwenye kifuniko cha sufuria, zisipotee. Kitufe cha zamani kilikuwa kimesagika ndani mpaka springi yake imelala. Nyuma yake kulikuwa na waya nyembamba zinazokwenda kwenye kiboksi cheusi, na kutoka kwenye kiboksi zinatoka waya nene. Kile kiboksi kilikuwa rilei, ndicho kinachobeba mzigo wa honi ili kitufe kisiubebe. Sikujua. Nilikiona kimejaa vumbi, nikakitikisa, kikagongagonga ndani, nikasema hiki nacho kimekufa. Nikakiruka. Nikazimenya zile waya nene kwa meno, nikaziunga moja kwa moja kwenye kitufe changu cha kengele, nikazifunga tepu nyeusi. Tundu la dashibodi lilikuwa dogo, nikalipanua kwa kisu nilichokipasha moto jikoni.

Mke wangu alikuwa ananitazama tu. "Una hakika?"

"Nina hakika."

"Yule fundi alisema nini?"

"Fundi anataka kazi."

Akazungusha skrubu kwenye kifuniko. Halafu akasema, bila ukali wowote, "Siku ya Jumamosi si umshushe tata, baba yako, pale kwenye mchikichi, aje kwa miguu akikohoa kama zamani? Maana honi ikikataa, atakayeaibika ni mimi. Wewe huaibiki."

Nilicheka. Nikarudisha kichwa cha betri, nikamwambia abonyeze mwenyewe. Akanyoosha kidole kwa woga. Honi ililia kuliko ilivyowahi kulia, hata yule wa mashine ya mpunga akatoka nje kutazama, na mke wangu akashtuka na kumwaga skrubu zote chini ya kiti. Tulicheka wote wawili. Huwa nakikumbuka kile kicheko chetu, na sipendi kukikumbuka.

Sasa, mtu mwenye busara angeitunza. Mimi niliondoka hapo moja kwa moja kwenda Bondeni, nikapita mbele ya kibanda cha fundi nikipiga honi kama ninaleta bibi harusi. Yeye akainua mkono kunisalimu, basi. Alhamisi nilipiga honi kwa mbuzi, kwa wenye baiskeli, kwa watu wanaoanika mpunga, kwa mtu yeyote niliyehisi hajaniona. Ijumaa nikaenda nayo Kasumulu, mpakani, nikapigiana honi na malori. Wakati wa kurudi nilisikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikajiambia kuna mtu anachoma majani. Nilipogusa kitufe kilikuwa cha moto. Nikajiambia ni jua. Karibu na nyumbani kikakataa mara moja, nikakibonyeza tena kikalia, nikajiambia kidole ndicho kilichoteleza. Mtu asiyetaka kujua, Mungu amsaidie, maana hata pua yake humdanganya.

Jumamosi nilikwenda kumchukua baba asubuhi. Tulikuwa tumepanga mchana, lakini wingu lilikuwa limejikusanya juu ya ziwa, jeusi, nami nililijua gari langu: mvua ikitutangulia tutalala njiani. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Kumwingiza kwenye gari lile ilikuwa kazi. Aliingia makalio kwanza, halafu mguu mmoja mmoja, akabaki magoti yamefika kifuani, fimbo katikati, na juu ya magoti furushi dogo lililofungwa gazeti. Alikuwa amelishika kwa mikono miwili.

"Nimechagua mwenyewe," aliniambia njiani. "Dada yako alitaka chenye maua makubwa. Nikamwambia hapana, huyu ni mtu mtulivu."

Huyo ndiye baba yangu. Miaka mitano hajamwona mke wangu usoni wala kumsikia sauti, na alijua ni mtu mtulivu.

Tulipokaribia mchikichi, mashine ya jirani ilikuwa inanguruma kwa nguvu zote, watu wamepanga foleni na magunia wakikimbizana na mvua. Matone ya kwanza yalianguka kwenye kioo. Nikabonyeza kitufe.

Kimya. Nikabonyeza tena, kwa dole gumba, nikashikilia. Kitufe kiliingia laini, kikatoka laini, kama kinavyofanya kitufe kizima. Nikabonyeza mara ya tatu. Kitu kimoja tu kilitokea: kile kiharufu kikarudi, kidogo.

"Umepiga?" baba aliuliza.

Hapa ndipo penyewe. Gari lilikuwa linatembea polepole. Ningeweza kusimama. Ningeweza kusema, "Tata, honi imekufa, nisubiri hapa nikimbie nikamwambie." Hatua mia moja na hamsini, si zaidi. Lakini asubuhi ile, tukitoka Talatala, nilikuwa nimemwonyesha kitufe kipya na kumwambia nimekifunga mwenyewe, mafundi wa Bondeni wanataka kula watu bure, naye alikuwa amekigusa na kunishukuru, "Ndaga fijo, mwanangu, shule haikupotea." Nikaona nikisimama sasa, nitameza maneno yale yote mbele ya foleni nzima ya mashine, na mvua hiyo, na tope hilo. Nikajiambia atakuwa ndani tu. Atakuwa anajiandaa. Mwanamke gani atakaa nje siku kama ya leo?

"Nimepiga, tata," nikasema.

"Sikuisikia."

"Mashine hii. Nyumbani inasikika, honi yenyewe imetazama mbele."

Akaridhika. Kwa nini asiridhike? Mimi ni mwanawe.

Mke wangu alikuwa nje. Alikuwa nje kwa sababu ya mvua ileile iliyonifanya nisisimame: kakao yetu ilikuwa juu ya mkeka katikati ya uwanja, na kakao ikinyeshewa inaota ukungu. Shangazi yangu, aliyekuja ili ampelekee kitenge, alikuwa jikoni akiutazama wali. Mke wangu alikuwa ameinama anakomba kakao kwa ungo, kanga moja kifuani, kichwa wazi, mabega yanang'aa kwa matone. Alikuwa bado hajaoga. Alikuwa anasubiri honi.

Tuliingia kwa kasi kidogo, kwa sababu ya tope. Akasikia matairi nyuma yake, akageuka akiwa bado ameinama. Lingekuwa Landrova, baba angekuwa juu, angeona mgongo na kisogo. Gari langu la chini lilimweka baba sawasawa na macho yake. Walitazamana. Kati yao kulikuwa na kioo na vaipa inayokwenda na kurudi.

Ungo ulimtoka mikononi. Alijitupa kifudifudi kwenye mkeka, uso ndani ya kakao, mikono juu ya kichwa, akabaki hivyo mvua inamnyeshea. Baba alikuwa ameinua lile furushi la gazeti na kujifunika uso nalo.

"Nirudishe," alisema nyuma ya gazeti. "Nirudishe sasa hivi."

Nilirudisha gari nyuma. Tukaenda mpaka karibu na kwake. Hapo akauliza, taratibu, kama mtu anayetaka kweli kusaidiwa kuelewa, "Hakuisikia, au hakuijali?"

"Nilimwambia asikilize, tata," nikajibu.

Hilo halikuwa uongo. Nilimwambia kweli, tena mara nyingi. Katika maisha yangu nimesema uongo mwingi wa mpakani, lakini sijawahi kutamka jambo chafu kuliko ukweli ule.

Kesho yake wanawake wa ukoo walikuja wakakaa uani kwetu. Shangazi ndiye aliyesema kwa niaba yao. Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alisema mzee amekuja na mkono wa kumfungua mtu, na mtu huyo amemkodolea macho akiwa nusu uchi. Alisema honi ilipigwa mara tatu. Hata yeye jikoni hakuisikia, lakini masikio yake ni ya kizee, na mume mwenyewe amethibitisha kwa baba yake.

Mke wangu alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, mtoto mapajani. Aligeuka akanitazama mimi. "Ilipigwa?"

Wote wakanitazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeegemea mwimo.

"Ilipigwa," nikasema.

Alinitazama kwa muda, si mrefu. Kisha akainamisha kichwa. "Basi nimekosa," akawaambia.

Wazazi wake walikuja wiki iliyofuata na kuku jike na mkungu wa ndizi, wakaenda kumwomba radhi baba, na mke wangu akapiga magoti nje ya uzio, amefunikwa kanga gubigubi, asionekane hata vidole. Baba mkwe wangu, mtu mwenye mvi, alishika mikono yangu miwili akaniomba nimvumilie binti yake. Nilimwambia nimemsamehe. Ndiyo. Nilisema nimemsamehe.

Baba alipokea kuku, akasema yamekwisha. Lakini kitenge hakukileta tena. Nadhani naye aliona aibu. Mtu akishaona alichokatazwa kuona, anaogopa hata njia ya kwenda huko. Hakuja tena kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa namfuata Talatala, na kila nilipotaka kusema, nikaona siku imekwishapita, nikisema leo wataniuliza kwa nini sikusema jana. Hivyo ndivyo nilivyofikisha miaka sita. Pale kijijini mke wangu akawa yule asiyesikia honi. Wanawake wenzake walimtania hivyo kisimani, na mwishowe hata watoto wao wakawa wanasema.

Kitufe nilikwenda kukitengenezesha kwa fundi, kimyakimya, jioni ileile ya Jumamosi. Alikichomoa, akakifungua, ndani palikuwa peusi, vyuma viwili vimeyeyuka. Alikiweka kwenye kiganja changu. Nilikuwa nimejiandaa kwa "nilikwambia". Hakulisema, na ukweli ningependa angelisema. Gari nililiuza mwaka uliofuata.

Baba alikufa msimu wa mavuno. Siku ya mazishi, Talatala, mwili ulipotolewa nje, wake wa kaka zangu walisogea hadi kwenye jeneza, wakaweka mikono juu yake, wakalia kwa sauti wakimwita baba, kama wanavyolia waliofunguliwa. Mke wangu alikuwa kwenye migomba, nyuma ya nyumba, amegeuza mgongo. Nilimwona mabega. Alikuwa analia kwa kujizuia, kanga mdomoni, kwa sababu sauti yake haikuwa na ruhusa ya kufika pale.

Nilikuwa na uwezo wa kusimama mbele ya watu wale na kusema sentensi moja. Nikashika kamba ya jeneza.

Baada ya siku za matanga, shangazi alifungua sanduku la baba, akatukuta nyumbani mchana akiwa na lile furushi, gazeti limekuwa la kahawia. Alimpa mke wangu. Kitenge kilikuwa cha kijani kilichopoa, maua madogo. Mke wangu alikipapasa, akakirudisha kwenye gazeti lake, akamwambia shangazi, "Ndaga fijo. Lakini siwezi kukivaa. Sijafunguliwa." Shangazi akalia, akaondoka, akakiacha juu ya kiti.

Tukabaki wawili. Yeye akatoka nje kugeuza kakao kwenye mkeka, nami nikamfuata, nikachuchumaa upande wa pili. Nikasema, "Siku ile honi haikulia."

"Najua," alijibu, mikono ikiendelea. "Uliporudi, kabla hujalipeleka kwa fundi, uliingia kuoga. Nikaenda garini nikabonyeza. Nikabonyeza sana."

"Ulijua. Siku ile mbele ya akina mama, ulijua."

"Ndiyo maana nilikuuliza wewe."

"Kwa nini hukusema? Miaka sita. Ungemwambia hata baba mwenyewe."

Hapo aliacha kugeuza. Alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo hata mtoto analijua.

"Ningemwambia kwa sauti ipi?" akasema. "Yangu ilikuwa haifiki kwake. Iliyokuwa inafika ni yako."

Kisha akainama, akaendelea na kakao yake, kwa sababu wingu lilikuwa limeanza kujikusanya juu ya ziwa.